Kikombe Kilichorudi Kimeoshwa

Naikumbuka siku moja, mwanangu Feza, na wewe mwenyewe ndiye uliyeiamsha leo asubuhi uliposimama mlangoni ukasema, "Papa, unipatie sufuria ya mama, ile nyeusi. Iko na sura muzuri kwa photo." Ulisema hivyo upesi, kama mtu anayeomba kiberiti. Nikakuambia ungoje. Sikukasirika. Niliitazama tu ile sufuria pale juu ya kabati, na masizi ya marehemu mama yako bado yameigandia, nikaona siwezi kukujibu ndiyo wala hapana kabla hujaisikia habari ya kikombe cha Mama Kalenga. Basi kaa. Simu yako iweke kando. Wateja wako wa mafuta ya mawese watangoja, mawese hayaozi kwa siku moja.

Ninyi mnaopiga picha za bidhaa kwa simu mnadhani kazi hii ilianza na ninyi. Mimi nilikuwa ndani yake nikiwa kijana, wakati filamu ilipelekwa kuoshwa na mtu hakujua kama amepata picha au amepata giza mpaka aletewe. Sikuwa mpiga picha. Nilikuwa mtu wa vitu. Mpiga picha alikaa mjini, kule kwenye maduka makubwa na benki. Sisi tulikaa mtaani Katuba, na kazi yetu ilikuwa kumtafutia, kumtengenezea na baadaye kumwondolea kila kitu kinachoizunguka bidhaa: meza, sahani, mkate, kitambaa, maua, hata jasho la chupa ya bia. Mkubwa wangu wa kazi aliitwa Papa Mulongo. Zamani alichora mabango ya vinyozi na mabaa, kisha mpiga picha huyo akamwomba amchoree ukuta wa kuweka nyuma ya bidhaa, na tangu siku hiyo hakurudi tena kwenye mabango.

Papa Mulongo alikuwa mtu wa maneno machache na nyundo nzito. Vitu vyake vyote alivigawa mafungu matatu, na aliyeyachanganya mafungu hayo alirudishwa kwao kabla jua halijazama. Kulikuwa na vitu vya kununua, na hivyo picha ikiisha viliuzwa tena au majirani walipewa, hakuna aliyeuliza. Kulikuwa na vitu vya kutengeneza: mikate ya plasta, samaki wa mbao aliyepakwa vanishi, barafu ya vioo, bukari, ule ugali wetu, iliyopondwa pamoja na gundi ili isinywee chini ya taa. Hivyo vilivunjwa. Alivivunja mwenyewe, juu ya jiwe moja kiwanjani pake pa kazi, na chakula kilichotiwa rangi alikizika shimoni akakimwagia chokaa, hata mbwa asikifukue. Nilipokuwa bado mgeni nilimwona akiupiga nyundo mkate wa plasta mzuri mno, ukoko wake wa rangi ya asali, nikasikitika. Nikamwambia tungeuweka dirishani uwe pambo.

"Na muntu mwenye njaa akipita?" akaniuliza. Akaendelea kupiga.

Fungu la tatu lilikuwa la vitu vya kuazima. Hilo halikukaa kiwanjani; lilikaa ndani ya nyumba yake, juu ya kitambaa cheupe, kama vyombo vya padri. Sheria yake ilikuwa fupi. Kitu cha kuazima kinarudi kama kilivyokuja. Hakirudi kibaya zaidi, na hakirudi kizuri zaidi. Nilipoisikia mara ya kwanza nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Sasa alikuwapo mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini, Papa Kambale, mcha Mungu na mwenye sauti nene, aliyeuza kahawa kwa jumla. Mwaka mpya ulikuwa unakaribia na alitaka kalenda ya kuwapa wateja wake. Picha aliyoitaka ilikuwa rahisi kuisema: kahawa ya mfanyakazi, alfajiri, kabla hajaenda zamu. Tukanunua kikombe kipya cha chuma cheupe, tukakiweka mezani karibu na taa ya kandili. Papa Kambale akaja, akainama, akacheka.

"Hapana, ndugu zangu. Hii kikombe haijaamkaka mapema hata siku moja."

Papa Mulongo akajaribu kukizeesha. Akakigonga, akakitia chumvi na siki kishike kutu, akakipitisha juu ya moshi. Mimi nilikiona kizuri. Yeye akakigeuzageuza mkononi, kisha akakitupa kwenye fungu la kuvunja. "Vidonda yake yote iko ya siku moja," alisema. Akanituma nikatafute kikombe kilichoishi.

Niliporudi nyumbani nikamweleza mama yangu, naye akasema pale pale kwamba chombo cha namna hiyo kiko kwa Mama Kalenga, mwenzake wa sala katika parokia yetu. Mumewe, Papa Numbi, alikuwa amefariki miezi michache kabla. Alikuwa mtu wa reli, kama baba yake, na kila alipoamka alikunywa chai katika kikombe kimoja tu. Nikaenda.

Kikombe kilining'inia kwenye msumari karibu na mlango wa jiko. Zamani kilikuwa cheupe chenye ukingo wa buluu. Kando ya mkono wake palikuwa pamebanduka, chini kilikuwa cheusi kwa moto, na ndani, mwanangu, ndani kilikuwa na weusi wa chai ya maisha mazima, tabaka juu ya tabaka. Mama Kalenga aliketi chini ya msumari huo. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, alinitambua kwa sauti. Nikamweleza shida yangu, akainua uso kuelekea msumari.

Nawe lazima uelewe alichokuwa anakifikiria. Katika ukoo ule wa Papa Numbi, watu wa kaskazini ya Katanga, vitu vya mkononi vya marehemu havioshwi wala havitumiki mpaka siku ya kumaliza kilio. Siku hiyo ndugu za mume hukusanyika, kila kitu huletwa mbele yao kama marehemu alivyokiacha, nao hukigawa. Kikombe kilikuwa cha mjukuu aliyepewa jina la babu yake. Na mjane akiosha kitu kabla ya siku hiyo, husemwa kwamba anamwosha mume atoke nyumbani, ili apate nafasi ya mwingine. Neno kama hilo likishasemwa mbele ya ukoo, maji yamemwagika. Mjane anaweza kuondolewa katika nyumba aliyoijenga na mumewe tofali kwa tofali.

Hatimaye akasema, "Bwana yangu alitumika ku chemin de fer mpaka mifupa ikachoka. Hata photo moja ya ku kazi hana. Niko paka na ile moja tu ya carte ya kitambulisho, na ile pale hafanane." Akanyoosha mkono, akakitoa kikombe msumarini bila kupapasa. "Basi kikombe yake ipigwe photo. Itakuwa ni yeye kidogo. Lakini unisikie, mutoto wangu. Siku ya kumaliza kilio bakubwa ba bwana yangu batauliza ile kikombe. Unirudishie vile iko."

"Vile iko, mama," nikajibu.

Picha tuliipiga mjini. Papa Mulongo alikishika kikombe kile kama mtu anayeshika yai. Alitia ndani yake kikopo kidogo cha plastiki, na kahawa akaimimina humo, isiguse ukuta wa ndani. Nyuma ya kikombe akaficha dawa ya mbu iliyowashwa, ule moshi wake ukapanda kama mvuke. Papa Kambale alipotazama alivua kofia. "Sasa njo hii, yenyewe kabisa," alisema. Nikafurahi kwa sababu mimi ndiye niliyekileta.

Jioni nikapita kwa Mama Kalenga kukirudisha, lakini alikuwa amekwenda kwenye sala na mlango umefungwa. Nikakipeleka kwetu, nikakiweka mezani, nikatoka kwenda kwa rafiki zangu kujisifu. Sikumwambia mama yangu neno. Hapo ndipo pa kutazama, mwanangu. Hukumjua bibi yako, kwa hiyo acha nikueleze mwanamke aliyenizaa. Kwake kitu cha watu hakikurudi kwao kichafu, wala hakikurudi kitupu. Sahani ya jirani iliyoletwa na maharagwe ilirudi inang'aa, na juu yake kuna karanga. Hiyo ndiyo adabu aliyofundishwa na mama yake. Akaingia, akaona kikombe cha Mama Kalenga kiko cheusi mezani petu, akaona aibu kwa niaba yangu. Akachukua majivu na mchanga laini, akakaa chini, akakisugua.

Niliporudi alikuwa anatabasamu. "Ile kikombe ya bantu ilikuwa chafu, nikakusaidia. Ukiipeleka unisalimie Mama Kalenga."

Kilikuwa cheupe ndani kama ganda la yai. Alikuwa amekijaza sukari, akaifunga juu kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Nikaifukua sukari kwa kidole mpaka chini, hakuna weusi uliobaki. Husemwa kuuliza si ujinga, lakini mama, asiyeijua desturi ya ukoo ule, angeuliza nini? Wa kusema nilikuwa mimi. Sikuwa na moyo wa kumwambia alichokifanya. Nikamshukuru, mwanangu. Nikasema, "Aksanti, mama."

Asubuhi nikawahi kiwanjani kabla ya Papa Mulongo. Sukari nikaiweka kando ndani ya kitambaa chake. Nikachemsha majani ya chai mpaka yakawa mazito kama uji, nikaunguza sukari nyingine, nikatia rangi ya kahawia kidogo, nikaanza kukipaka kikombe ndani kwa brashi nyembamba, tabaka juu ya tabaka. Chini nikakipitisha juu ya mshumaa kipate masizi. Mwisho nikafunika kila kitu kwa vanishi isiyong'aa. Nikuambie ukweli, kilikuwa kizuri. Kilikuwa kile kile. Leo mimi ni mzee na bado naujivunia mkono ule, na kuuonea aibu pia.

Nilijiambia nini? Nilijiambia macho ya Mama Kalenga hayaoni vizuri. Nilijiambia shemeji zake wataona weusi wa zamani, hawatamsema, atabaki nyumbani mwake. Nilijiambia namhurumia. Na kweli nilimhurumia, sikatai, lakini huruma ile ilikuwa na haraka sana ya kunifichia aibu yangu.

Papa Mulongo akaingia, akakiona kikombe, akakichukua akipeleke kwenye kitambaa cheupe. Hata yeye kilimdanganya. Alipiga hatua, kisha akasimama. Kidole chake gumba kilikuwa kimenata. Akakitazama kidole, akanitazama mimi.

Nikamwambia yote. Hakunikemea. Alitoka nje na kikombe, akakiweka juu ya lile jiwe la kuvunjia mikate, akachukua nyundo.

"Kasongo. Hii sasa iko ya fungu gani?"

Akakigonga ukingo kwa ukucha.

"Ile ya kuazima iliondoka. Hii umetengeneza weye. Ya kutengeneza tunafanyaka nini?"

"Tunavunja, Papa."

"Basi vunja." Akaninyooshea nyundo, mpini mbele.

Nikapiga magoti kwenye vumbi lile la plasta. Nikalia, kijana mzima, nikasema, "Papa, apana. Iko ya marehemu."

"Ah. Sasa njo unamukumbuka mwenyewe."

"Papa, bakubwa ba bwana yake batamufukuza. Nilitaka kumuponesha."

"Ulitaka kujiponesha weye." Akaishusha nyundo, akaketi juu ya ndoo, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akisema maneno mengi. "Sikia. Siye tunadanganyaka macho ya muntu mwenye anajua iko photo. Anaona mukate, anajua iko kalenda, hatatia mu kinywa. Mama Kalenga hakuomba photo ndani ya kikombe yake. Na mutoto akipewa ile kikombe, akunywe vanishi yako? Osha yote. Uende umwambie. Na siku ya kilio, kama bakubwa banauliza, kinywa ya kujibu itakuwa ya kwako, haitakuwa ya mama."

Vanishi ilikuwa haijakauka. Nikaiosha kwa sabuni na maji ya moto, kisha kwa majivu, mpaka kikombe kikarudi cheupe kama mama alivyokiacha. Nikairudisha sukari ndani, nikafunga kitambaa, nikaenda. Njia ya kutoka pale hadi kwa Mama Kalenga si ndefu, lakini nilisalimia kila mtu niliyekutana naye, hata nisiowajua, ili nichelewe.

Alikuwa mahali pale pale, chini ya msumari. Akakipokea kwa mikono miwili, akakifungua, akaimimina sukari kwenye kitambaa magotini mwake. Hakukigeuza kwenye mwanga. Hakutazama kabisa. Alikipeleka usoni, akakinusa.

Akakigeuza, akakinusa tena upande wa mkono wake.

"Majivu," alisema.

Nikamweleza. Nilimweleza na habari ya vanishi, yote, kwa sababu Papa Mulongo alikuwa ameniondolea ile njia nyingine. Alisikiliza kikombe kiko magotini. Nilipomaliza akasema, taratibu, "Kila asubuhi ninaitoa ku musumari, ninanusa. Tumbako yake na chai. Macho yangu haionake tena, Kasongo. Nilikuwa ninamuona paka vile tu."

Hakulia. Heri angelia. Aliinuka, akakiweka kikombe kwenye beseni pamoja na vikombe vingine vya nyumba, kisha akarudi akakunja kitambaa cha sukari vizuri. "Mama yako iko na adabu," alisema. "Umwambie aksanti." Nami, mwanangu, nilimwona moyoni akikinyanyua kile kikombe changu cha vanishi, akikipeleka puani. Ningempelekea harufu ya duka la rangi badala ya mume wake. Nilikuwa nimehesabu macho yake tu, sikuwa nimemhesabu yeye.

Nilipokuwa mlangoni akaniita. "Sasa batasema nimemuosha bwana yangu."

"Apana, mama. Nitasema miye."

Siku ya kumaliza kilio ilikuja baada ya misa. Kiwanja kilijaa. Mkubwa wa ukoo, Papa Kyungu, kaka wa marehemu, alikuwa ameketi mbele, mzee mrefu aliyesafiri kutoka kaskazini, na wadogo zake kushoto na kulia kwake. Waliletewa koti, wakaletewa kofia ya kazi, redio, kisha kikombe. Alikitazama ndani. Akakigeuza, akatazama tena.

"Mama Kalenga. Nani aliosha?"

Shemeji mmoja mwanamke akasonya, akasema kwa sauti ya kusikika, "Tulijua, siye." Mama Kalenga aliinamisha kichwa. Hakunitafuta kwa uso, hakunitaja. Angeweza. Alingoja tu, mikono magotini.

Mwanangu, mpaka leo sijui miguu ile niliitoa wapi. Nilisimama. Nikataja jina langu na la baba yangu. Nikasema niliazima kikombe cha marehemu kwa kazi, nikaahidi kukirudisha vile kilivyo, nikakiacha mezani kwetu bila kumwambia mtu, kikaoshwa. Nikasema mjane hakukigusa kwa maji. Sauti yangu ilikuwa inapanda na kushuka. Kijana mmoja wa ukoo akaniambia nikae chini, mtoto wa watu nisiye na haya. Ndipo nikasikia kanga inachakarisha nyuma, mama yangu amesimama kati ya wanawake wa parokia. Nilikuwa nimemweleza jana yake, na alikuwa hajala tangu nilipomweleza.

"Majivu ilikuwa ya kwangu," alisema. "Nilifikiri ninafanya muzuri. Munisamehe, bazee. Lakini ule mama, musimuguse."

Karibu na uzio alikuwa amesimama Papa Mulongo. Alikuwa amevua kofia.

Papa Kyungu alikaa na kikombe mkononi hadi watu wakaanza kujikuna. Kisha akaniuliza, "Kama ungenyamaza, tungeuliza nani?"

"Mungeuliza paka Mama Kalenga peke yake, Papa."

"Ee." Akawageukia ndugu zake, akamtazama hasa yule aliyesonya. "Mumesikia. Mama Kalenga hakumuosha ndugu yangu. Ile maneno isirudie tena hapa." Akamwita mjukuu, mtoto mdogo aliyekuwa amejificha nyuma ya bibi yake. Akaagiza chai. Ilipoletwa, Mama Kalenga mwenyewe akaifungua sukari ya mama yangu, akatia, akakoroga. Papa Kyungu akamshikisha mtoto kikombe. "Numbi, kunywa. Weye njo utaanza sasa."

Heshima ya Mama Kalenga ilibaki katika nyumba yake mpaka alipozikwa. Hilo lilipona. Ile harufu haikurudi. Nilikuwa nikienda kumsalimu, na kila nilipoingia macho yangu yalikwenda kwenye msumari. Kalenda za Papa Kambale zilipotoka nikampelekea moja. Kikombe kilikuwa pale, na ukingo wake wa buluu na jeraha kando ya mkono, mvuke wa dawa ya mbu unapanda. Ule weusi wa ndani ulikuwa umefunikwa na kahawa. Akaigusa karatasi kwa vidole, akaitundika msumarini. Mwaka ukaisha, na mwingine, hakuitoa.

Basi, Feza, mwanangu, sikia sasa ninachotaka kukupa, kwa kuwa kazi hii umeichagua mwenyewe na mimi siwezi kukuzuia wala sitaki.

Cha kununua kinunue, kikiisha kazi mpe jirani kwa moyo mweupe. Cha kutengeneza kitengeneze vizuri kabisa, udanganye jicho hadi licheke, lakini picha ikiisha kiharibu kwa mkono wako mwenyewe, kisitoke kiwanjani kikamdanganye mtu asiyejua kwamba ni mchezo. Cha kuazima, uliza. Muulize mwenyewe ni nini ndani yake anachokipenda, maana wewe utaona kutu nzuri na weusi mzuri, na yeye ana kitu kingine kabisa humo. Kisha umwambie kila mtu atakayekishika: dereva, mpiga picha, na yule mama mwema wa kusafisha, huyo mwambie wa kwanza. Wema usioambiwa unaweza kufuta kitu ambacho hakuna brashi itakayokirudisha. Na likiharibika, nenda na kinywa chako. Mficha maradhi, kilio humfichua. Usiache mtu mwingine aulizwe swali lako.

Sufuria iko juu ya kabati. Ishushe mwenyewe, polepole, mkono mmoja chini. Ninajua unaona masizi yake yana sura nzuri kwa picha, na kweli yanayo. Lakini kwa kuwa nimekufundisha kuuliza na wewe hukuniuliza, nitakuambia bila kuulizwa. Wewe ukitoka kwenda mjini, mimi huishusha sufuria hiyo na kufunua kifuniko chake. Nainamisha uso humo, nakaa nayo kidogo. Kisha naifunika tena, naipandisha mahali pake kabla hujarudi.

Ichukue. Nakuamini. Mungu wa mababu zetu aibariki mikono yako, akupe wateja wakweli na macho ya kuona kisichoonekana pichani. Akulinde kwenda na akulinde kurudi, mwanangu, wewe na masizi ya mama yako.